Altrasaundi ya kibofu: yanayosemwa na yalivyo

"Picha imetoka safi, basi sina kitu." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu anarudi zake Kisauni, Mombasa, bahasha ya picha anaifungia kabatini, na mkojo bado una damu. Altrasaundi huona vizuri uvimbe uliochomoza ndani ya kibofu, hasa ukishapita milimita 5 hivi. Ulio mdogo zaidi, au saratani iliyotambaa bapa kwenye utando wa ndani, huweza kuipita. Mtu mzima anayekojoa damu bila sababu kujulikana bado anatakiwa achunguzwe kwa kamera nyembamba ipitayo njia ya mkojo. Na damu kukata si kupona. Uvimbe huvuja leo, ukatulia wiki kadhaa, kisha ukaanza tena, mara nyingi bila maumivu yoyote.

"Hiyo damu ni kichocho tu." Huku pwani kichocho kipo kweli: Kwale, Kilifi, Tana River. Lakini kichocho cha miaka mingi chenyewe huweza kuzaa saratani ya kibofu. Mdudu wake ameorodheshwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1994. Sigara nayo ni kisababishi kikubwa. Mzee anayevuta sigara akipewa dawa ya kichocho na kuambiwa aende nyumbani, bila kipimo chochote, amecheleweshwa.

"Nikojoe kwanza ndipo niingie." La, jizuie. Kibofu kitupu hujikunja, na mkunjo huweza kuficha uvimbe au kufanana nao. Kunywa maji kama lita moja, saa moja kabla, isipokuwa kama daktari amekupunguzia maji. Anayetoka Likoni ayanywe akishavuka. Foleni ya feri haina huruma na kibofu kilichojaa.

"Kumeonekana kitu, ni saratani." Huenda ni damu iliyoganda, au tezi dume iliyosukuma kibofu kutoka chini. Ndiyo maana mpimaji hukwambia ugeuke ubavu: bonge la damu kwa kawaida husogea, uvimbe hubaki palepale. Hata hivyo, jibu la saratani hutoka maabara, kipande cha uvimbe kikishatazamwa kwa darubini. Uvimbe umezama hadi kwenye misuli au la, hilo pia altrasaundi haiaminiki kulisema.

"Ina mionzi." Haina. Ni mawimbi ya sauti.

Ukiwa pale kitandani, uliza kama na figo zitaangaliwa. Uvimbe ukiziba tundu la mrija utokao kwenye figo, figo hujaa mkojo na kutanuka, na hilo altrasaundi hulionyesha waziwazi.