Miche ya nyanya iliyorefuka: maana yake na jinsi ya kuiokoa

Mche wa nyanya wenye shina refu, jembamba, lililopauka, na vijani viwili vitatu huko juu, si kwamba umekua haraka. Umekosa mwanga. Mwanga ukiwa hafifu, homoni ya ukuaji iitwayo auksini huzifanya seli za shina zirefuke badala ya shina kunenepa. Upande wa kivuli hurefuka zaidi, na ndiyo maana trei nzima huinamia dirisha.

Nairobi tuko karibu na ikweta na mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo wengi hudhani jua halina shida. Lakini fleti za mtaa wa Pipeline zimebanana kiasi kwamba dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hayabanduki. Ongeza mbegu zilizorundikwa kwenye kikopo kimoja cha mtindi, kila mche ukiusukuma mwenzake. Hapo watu hukimbilia mbolea. Usitie, naitrojeni iliyomo kwenye mbolea huzidi kuurefusha mche.

Uzuri ni kwamba shina la nyanya huota mizizi likifunikwa na udongo wenye unyevu. Chunguza mche uliokomaa kidogo: chini ya shina kuna vivimbe vidogo, na hapo ndipo mizizi hutokea. Ngoja majani halisi yatoke, yale yenye meno na harufu ya nyanya. Ondoa yale mawili laini ya mwanzo, kisha zika shina mpaka karibu na majani halisi. Kama kikopo ni kifupi, lilaze. Shika jani, usishike shina: jani likikatika litaota lingine.

Kuhusu kuzuia, sioni sababu ya kuoteshea ndani hapa. Hiyo ni kazi ya nchi zenye theluji. Mbegu zikichomoza tu, toa trei kwenye roshani au juu ya gorofa. Miche iliyozoea ndani ianze na saa moja ya jua la asubuhi, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki moja, maana jua la saa saba mchana huibabua majani yakawa meupe. Asiye na roshani aweke taa ya LED sentimita 5 hadi 10 juu ya miche, kwa saa 14 hadi 16 kila siku.

Mche ulionywea na kuwa mweusi pale shina linapoingia udongoni ni habari nyingine: huo umeoza kwa kuvu, na kuuzika hakusaidii. Ung'oe, na upunguze maji.