Sahani ya santuri ya 1970 si mali ya bure

Watu wengi huamini wimbo wa zamani ukishapita miaka 50 hauna tena mwenyewe. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoleta barua ya wakili.

Ndani ya sahani moja mna hakimiliki mbili. Kwa sheria ya Kenya, rekodi, yaani sauti yenyewe iliyonaswa, hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa: ya 1970 iliachwa huru 1 Januari 2021. Utunzi, yaani maneno na melodi, hufuata maisha ya mtunzi. Akifa Machi 1985, huanzi kuhesabu Machi, bali 31 Desemba 1985, ukaongeza 50. Wimbo unaingia milki ya umma 1 Januari 2036. Watunzi wakiwa wawili, hesabu humngoja wa mwisho kufa. Kwa hiyo usitafute tarehe ya sahani tu. Tafuta mwaka aliofariki mtunzi.

Ukiupandisha mtandaoni, mipaka nayo inakusubiri: Marekani, rekodi iliyotolewa 1970 inalindwa hadi 15 Februari 2067.