Margaret Hamilton: mwalimu wa chekechea nyuma ya mchawi wa kijani

Ukitaja jina la Margaret Hamilton, wengi hawatajua unamsema nani. Sema "yule mchawi wa kijani wa filamu ya The Wizard of Oz", na hapo hapo wanakumbuka kidevu kile kilichochongoka, pua ile, na kicheko kinachopanda juu mpaka nywele zinakusimama. Nami nilimwogopa kama walivyomwogopa watoto wengi. Nilipokuja kusoma habari zake ukubwani, nikaona kwamba mengi niliyokuwa nikiyaamini juu yake hayakuwa kweli, na bado yanasemwa mpaka leo. Mama huyu aliifanya kazi yake kwa jasho na hata kwa maumivu. Si haki abaki na sifa za uongo.

"Alikuwa bibi kizee"

Alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 9 Desemba 1902. Filamu ilianza kupigwa Oktoba 1938, kwa hiyo alitimiza miaka 36 akiwa bado kazini. Uzee wote unaouona ni pua ya bandia, kidevu cha bandia, chunjua iliyobandikwa, na namna alivyojua kuukunja mgongo na vidole. Nyumbani alikuwa na mtoto wa kiume mdogo, aliyezaliwa 1936, na ndoa iliyovunjika mwaka huohuo wa 1938. Picha hiyo ya mama kijana anayelea peke yake ndiyo ya kushika kichwani unaposoma yanayofuata, maana inaeleza maamuzi yake mengi.

"Alizaliwa na roho ile, hakuwapenda watoto"

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi. Kabla ya kuwa mwigizaji, Hamilton alikuwa mwalimu wa chekechea. Alisomea kazi hiyo Boston, katika chuo kilichokuja kuitwa Wheelock, akafundisha watoto wadogo huku akijifunza uigizaji kwenye jukwaa la Cleveland Play House. Hata baada ya kuhamia California hakuuacha moyo wa ualimu: alifundisha watoto masomo ya Jumapili kanisani, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alikaa kwenye bodi ya elimu ya Beverly Hills. Kitabu cha L. Frank Baum, ambacho filamu ilitokana nacho, alikipenda tangu akiwa mtoto. Aliposikia kwamba studio ya MGM inamfikiria kwa filamu hiyo alifurahi, akamuuliza wakala wake ni nafasi gani. Wakala akamjibu ni ya mchawi, kwani alifikiri ni ipi nyingine? Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe miaka mingi, tena bila kinyongo.

Jambo lililomkera hasa ni kwamba aliwatisha watoto kupita kiasi. Na studio nayo iliona hivyo, maana baada ya maonyesho ya majaribio sehemu kadhaa za mchawi zilikatwa. Zilizobaki hazifiki robo saa, kama dakika 12 hivi katika filamu ya dakika 102. Dakika 12! Taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilipopanga wabaya wakubwa wa sinema ya nchi hiyo mwaka 2003, ilimweka mchawi huyu nafasi ya 4.

"Nafasi iliandikwa kwa ajili ya sura yake"

Hapana. Mwanzoni studio ilitaka mchawi mrembo, aliyevaa nguo nyeusi ya kumetameta, kwa kumwangalia malkia mbaya wa Snow White, filamu ya katuni ya Disney iliyokuwa imetoka 1937 na kuvuma sana. Mwigizaji Gale Sondergaard ndiye aliyepewa nafasi hiyo na akapigwa picha za majaribio. Mawazo yalipobadilika wakataka mchawi wa kutisha, Sondergaard hakuwa tayari kufanywa mbaya wa sura, akajitoa. Hamilton alipata kazi siku chache tu kabla ya kamera kuanza kuzunguka.

Hata ule ukijani haukutoka kwenye kitabu. Mchawi wa Baum, mwaka 1900, alikuwa na jicho moja lenye nguvu ya darubini, na hakuna anayemwita wa kijani. Kijani ni uamuzi wa watu wa filamu, waliokuwa na Technicolor, teknolojia ya filamu za rangi, mkononi na wakataka rangi zionekane.

"Ile ajali ya moto ni uvumi tu" na dhana mwenzake, "rangi ndiyo iliyomuua"

Nitaziweka pamoja kwa sababu moja inakanusha ukweli na nyingine inauzidisha.

Ajali ilitokea kweli, tarehe 23 Desemba 1938. Ni pale mchawi anapoondoka kijiji cha watu wadogo waitwao Munchkin kwa moshi na ndimi za moto. Kazi ilipangwa hivi: anarudi nyuma hatua chache hadi kwenye kijilifti kilichofichwa sakafuni, moshi unamficha, anashushwa chini, ndipo moto unalipuka juu mahali alipokuwa amesimama. Mara ya kwanza ilienda sawa, na ndiyo unayoiona kwenye filamu. Walipojaribu kuirudia, moto ulilipuka kabla hajashuka. Ufagio ukashika, kofia ikashika. Aliungua usoni majeraha ya daraja la pili, na mkononi ya daraja la tatu.

Kilichozidisha balaa ni ile rangi ya kijani aliyopakwa. Ilikuwa na shaba ndani yake, na shaba ni sumu ikiingia kwenye kidonda. Kwa hiyo hawakuweza kumfunga dawa na kumwacha apumzike. Iliwabidi kwanza waifute rangi yote kwenye ngozi iliyoungua, na waliifuta kwa alkoholi. Sijui kama kuna haja ya kueleza maumivu hayo. Mtu akishika tu ndimu akiwa na kidole kilichochubuka anajua.

Alikaa nyumbani wiki sita. Aliporudi mkono ulikuwa haujapona sawasawa, akavalishwa glavu za kijani. Akasema wazi kwamba moto hatausogelea tena. Wakamwomba apande ufagio wenye bomba la kutoa moshi, akakataa, na walipompa kazi hiyo Betty Danko, mwigizaji aliyekuwa akimsaidia kwenye matukio ya hatari, bomba likalipuka. Danko alilazwa hospitalini na kubaki na makovu mguuni. Kukataa kwa Hamilton hakukuwa woga. Alikuwa ameona kwa macho yake kazi ile ilivyokuwa ikiendeshwa.

Watu huuliza kwa nini hakuwashtaki. Jibu lake lilikuwa la mtu anayeijua Hollywood ya enzi zile: alitaka kuendelea kupata kazi. Ukishtaki studio moja, nyingine zote husikia.

Lakini kwamba rangi ilimuua? Hilo si kweli. Katika siku za kupiga picha ilimsumbua kweli: ilimbidi ale kwa uangalifu, zaidi vitu vya maji, ili asiimeze, na ngozi yake ilibaki na ukijani kwa wiki kadhaa baada ya kazi kwisha. Baada ya hapo aliishi miaka mingine 46. Alifariki tarehe 16 Mei 1985 huko Salisbury, Connecticut, akiwa usingizini, kwa mshtuko wa moyo, na umri wa miaka 82. Anayechanganywa naye pengine ni Buddy Ebsen, aliyepakwa unga wa alumini awe mtu wa bati, mapafu yakamwelemea akalazwa na nafasi ikaenda kwa mwingine. Naye hakufa kwa hilo.

"Rukeni, warembo wangu!"

Hajawahi kuyasema hayo kwa nyani wake wenye mabawa. Anasema tu: rukeni, rukeni, rukeni. Neno la "mrembo wangu" anamwambia Dorothy, msichana ambaye filamu inamhusu, na kumbukumbu za watu zimeyashona mawili kuwa moja.

"Ndiye yule wa safari ya mwezini"

Majina tu. Margaret Hamilton aliyeongoza timu ya kuandika programu za kompyuta za vyombo vya Apollo ni mtu mwingine kabisa, aliyezaliwa 1936.

"Alikuwa nyota, akatajirika, kisha akapotea"

Hakuna hata kimoja cha kweli katika vitatu hivyo. Nyota wa siku zile walifungwa na studio kwa mikataba ya miaka. Hamilton hakujifunga na studio yoyote. Alipanga bei yake dola 1,000 kwa wiki, akahesabu kwamba hapo angepata kazi mara kwa mara na kumlea mwanawe. Ndiyo maana unamkuta kila mahali kwa dakika chache: mjakazi, shangazi mkali, mwanamke wa kijijini mwenye ulimi. Alikuwa ameanza filamu 1933, na miaka ya 1930 na 1940 alionekana karibu na kila aina ya mwigizaji, akiwemo Henry Fonda, Mae West na W. C. Fields. Kwenye The Wizard of Oz kwenyewe ana nafasi mbili, maana yeye pia ndiye Bi Gulch anayemchukua mbwa wa Dorothy kwa baiskeli, na kuna wanaotazama filamu mara kumi bila kuligundua.

Filamu ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1956, ikawa baadaye ada ya kila mwaka, umaarufu wake ulipanda kuliko alipokuwa kijana. Miaka ya 1960 alicheza mama yake Morticia kwenye kipindi cha televisheni cha The Addams Family. Miaka ya 1970 Wamarekani walimzoea kama Cora, mwenye duka la kijijini kwenye matangazo ya kahawa ya Maxwell House, mama mpole anayekushauri kahawa ipi ununue.

Februari 1976 alimrudisha mchawi kwenye kipindi cha watoto cha Sesame Street. Wazazi waliandika barua kulalamika kwamba watoto wao wamelia, na kipindi hicho hakikurushwa tena. Watu wengi walikiona kwa mara ya kwanza mwaka 2022 kilipovuja mtandaoni. Miaka 37 ilikuwa imepita tangu filamu, na bado alitisha hivyo.

Mimi napenda zaidi alichofanya mwaka mmoja kabla, 1975, kwenye kipindi cha watoto cha Mister Rogers. Alikuja na nguo zake za kawaida na uso wake wa kawaida, akaketi na Fred Rogers wakazungumza juu ya yule mchawi: kwamba alifurahia kila alilolifanya, lakini maskini hakupata hata kimoja alichokitaka. Kisha ikaletwa sketi nyeusi, akaivaa mbele ya kamera, akafunga, akavaa ya juu, na mwisho kofia. Kila kipande watoto wakikiona kikiingia. Alipomaliza alikuwa mchawi kamili aliyesimama sebuleni, na kwa chini ya kofia ile alikuwa bado akizungumza na watoto kwa sauti ya mwalimu wa chekechea.