Je, wajua kwa nini Ali hakuondoka Makka pamoja na Mtume?

Usiku ambao Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoka Makka mwaka 622 kuelekea Yathrib, mji ambao baadaye ulikuja kuitwa Madina, Ali bin Abi Talib, mtoto wa ami yake, hakufuatana naye. Wengi wetu tumesimuliwa tangu chuo cha Kurani jinsi Ali alivyolala kitandani kwa Mtume, amejifunika shuka lake la kijani la Hadhramaut, ili waliokuwa wakiivizia nyumba wadhani kwamba mwenyewe bado yumo. Lakini kulipopambazuka na jambo likabainika, kazi ya kitanda ilikuwa imekwisha, na hata hivyo Ali alikaa Makka siku tatu nyingine. Alibakizwa na nini katika mji ule uliokuwa umemfanya Mtume adui?

Alibakizwa na mali za watu, ambazo Mtume alimwagiza azirudishe kwa wenyewe kabla hajahama.

Makka ulikuwa mji wa biashara, na misafara yake ilikwenda Yemen na Sham (nchi za Syria na jirani zake). Mwenye kitu cha thamani alichohofia kitapotea alimtafuta mtu wa kumwekea, na mtu huyo, kabla ya utume na hata baada yake, alikuwa Muhammad, ambaye Makureshi wenyewe, kabila lililoutawala mji, walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu. Hapa pana jambo ambalo kila nikilifikiria hunigusa upya. Kwa miaka mingi watu wale walimwita mshairi, mchawi na mwendawazimu. Walimpinga hadharani na kuwatesa waliomfuata. Na bado walipokuwa na kitu cha kuhifadhi, walibisha hodi mlangoni kwake. Kwa ndimi zao walimkadhibisha, na kwa mali zao walimsadiki.

Wakati huohuo, wakuu wao walikutana Dar al-Nadwa, nyumba yao ya mashauri, na kukubaliana kwamba kila ukoo utoe kijana mmoja mwenye upanga, wote wampige kwa pamoja, ili damu yake igawanyike kwa koo zote na jamaa zake washindwe kulipiza kisasi, wakubali diya, yaani malipo ya damu. Si mbali kudhani kwamba baadhi ya nyumba zilizotoa vijana hao zilikuwa na amana zao ndani ya nyumba iliyokuwa ikizingirwa.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini mali hizo zisichukuliwe kuwa fidia. Waislamu waliohama walikuwa wamepoteza mengi: Suhaib al-Rumi aliwaachia Makureshi mali yake yote ndipo wakamwachia njia, na nyumba ya Bani Jahsh iliuzwa na Abu Sufyan, mmoja wa wakuu wa Makureshi, baada ya wenyewe kuondoka. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami, kwa sababu aliyeweka amana hakumdhulumu mtu kwa kile alichokiweka. Alikikabidhi kwa ahadi, na ahadi hiyo haikuvunjika kwa uadui uliozuka baadaye. Dhuluma ya mtu mmoja, au hata ya mji mzima, haigeuzi amana kuwa ngawira.

Uangalifu huohuo unaonekana katika jambo dogo la ngamia. Abubakar, sahaba aliyesafiri na Mtume, alikuwa amewalisha ngamia wawili majani ya msamuri kwa miezi minne, akiingojea safari hiyo, na alipomwambia Mtume achukue mmoja, Mtume alijibu kwamba atamchukua kwa thamani yake. Naye kiongozi wa njia waliyemwajiri, Abdullah bin Uraiqit, hakuwa Mwislamu. Walimkabidhi ngamia wote wawili na siri ya pango la Thaur walimojificha, na baada ya siku tatu, wakati Makureshi walikuwa wametangaza zawadi ya ngamia 100, alifika pangoni kwa miadi na ngamia wote. Tunapoisimulia Hijra, yaani safari hiyo ya kuhama, huwa tunamtaja mtu huyu kwa haraka mno. Naye alirudisha amana ya Waislamu kama vile Ali alivyokuwa akirudisha za Makureshi.

Ali alipomaliza alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei, peke yake, mbele yake pana mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Imepokewa kwamba alifika miguu imevimba. Alimkuta Mtume bado yuko Quba, nje kidogo ya Madina, akaungana naye nyumbani kwa Kulthum bin al-Hidm.

Miaka minane baadaye Makka ilifunguliwa, na Mtume alirudi katika mji aliozaliwa akiwa na jeshi la watu 10,000. Usama bin Zaid alimwuliza atafikia wapi. Akajibu kwa kuuliza: "Kwani Aqil ametuachia nyumba yoyote?" Aqil, nduguye Ali, alikuwa ameyauza majumba ya ukoo wao, na Mtume hakumnyang'anya mnunuzi yeyote. Akapigiwa hema.