Utafiti upi, na umethibitisha nini?

Kuna sentensi iliyozoeleka hadi haimshtui mtu tena: "Utafiti umethibitisha." Mara umethibitisha kuwa rangi ya ukuta hubadili tabia, mara lugha fulani ni ngumu kuliko zote, mara wanaochelewa kulala wana akili nyingi. Ukiuliza ni utafiti upi, unajibiwa "wa kisayansi", na mazungumzo yanaendelea.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Utafiti ni kutafuta jibu la swali ambalo bado halina jibu, kwa njia iliyoelezwa wazi kiasi cha mtu mwingine kuweza kuikagua. Kusoma kurasa nyingi juu ya jambo linalojulikana tayari ni kujisomea. Ni jambo jema, ila si utafiti. Kinachonikera zaidi ni hilo "umethibitisha", kwa sababu kila fani ina namna yake ya kuthibitisha, na namna hizo hazifanani hata kidogo.

Wengi wakisikia neno sayansi huiwazia fizikia. Tarehe 4 Julai 2012, makundi mawili ya watafiti wa CERN (maabara ya fizikia iliyoko Geneva), yaitwayo ATLAS na CMS, yalitangaza kuwa yameona chembe mpya, ile iliyokuja kutambuliwa kuwa Higgs boson. Hawakutumia neno "ugunduzi" mpaka dalili zilipofika kiwango wanachokiita sigma 5: kama chembe hiyo isingekuwapo, bahati tupu ingeleta dalili kubwa namna ile takriban mara 1 katika milioni 3.5. Hicho ni kipimo kikali. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya hapo, mradi wa OPERA ulipima nyutrino, chembe ndogo mno, zilizosafiri chini ya ardhi kutoka CERN hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, mwendo wa kama kilomita 730, ukaona zimefika nanosekunde 60 hivi kabla ya wakati ambao mwanga ungefika, jambo ambalo fizikia husema haliwezekani. Hesabu zao nazo zilivuka sigma 5. Baadaye ilionekana kwamba waya mmoja wa nyuzi za mwanga haukuwa umechomekwa sawasawa. Takwimu hupima bahati. Waya uliolegea si bahati.

Mtu aliyezoea vipimo hivyo akigeukia isimu, yaani elimu ya lugha, huuliza maabara iko wapi. Wanafonetiki, wachunguzi wa sauti za lugha, wanazo, lakini tuchukue mfano usio na mashine yoyote. Mwaka 1879 Ferdinand de Saussure, kijana wa Uswisi mwenye umri wa miaka 21, alichapisha kazi kuhusu irabu za lugha mama ya lugha za Kihindi-Kiulaya (familia yenye Kihindi, Kigiriki na Kiingereza). Mpangilio wa irabu hizo ulikuwa na vighairi vingi vilivyowasumbua wataalamu. Akasema vighairi hivyo vinaeleweka iwapo zamani kulikuwa na sauti fulani ambazo zilipotea na kuacha alama kwenye irabu za jirani. Hakuna lugha iliyojulikana wakati huo iliyokuwa nazo, na wengi hawakumwamini. Alifariki mwaka 1913. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa lugha za kale Bedřich Hrozný alifumbua Kihiti, lugha ya kale ya eneo la Uturuki ya leo, kutoka kwenye vigae vya udongo vya maelfu ya miaka, na mwaka 1927 mwanaisimu Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba Kihiti kina konsonanti katika baadhi ya nafasi zile zile alizozitaja Saussure.

Hapo hakuna sigma wala kundi la washiriki. Kuna hoja iliyojengwa juu ya mpangilio, iliyotabiri kitu ambacho hakikuwa kimeonekana, kisha kitu hicho kikachimbwa ardhini. Anayesema isimu ni maoni tu aeleze kwanza hilo lilitokeaje.

Saikolojia ina shida ya aina nyingine. Kigezo kilichozoeleka humo ni 0.05, yaani kama hakuna athari yoyote, bahati ingeleta matokeo ya kiwango hicho mara 1 katika 20. Kilinganishe na kile cha wanafizikia. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti, mwanasaikolojia Brian Nosek akiwa miongoni mwao, lilitoa ripoti ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimeripoti matokeo yaliyovuka kigezo hicho; ziliporudiwa, asilimia 36 tu zilivuka. Wapo waliorukia kusema fani nzima ni uongo. Wanasahau kwamba waliofanya ukaguzi huo ni wanasaikolojia wenyewe, tena kwa njia zao wenyewe. Sampuli ndogo na majarida yanayopenda habari mpya vilichangia, na binadamu si chembe: hujua kuwa anatazamwa.

Usanifu wa majengo mara nyingi hauulizi hata kama jambo ni kweli. Huuliza tukijenga hivi itakuwaje. Msanifu Mjerumani Frei Otto alichovya fremu za waya kwenye maji ya sabuni ili utando wenyewe umwonyeshe umbo la paa jepesi. Huo nao ni utafiti, na hakuna asilimia ndani yake.

Lakini usanifu ukikutana na saikolojia, ile sentensi yetu hurudi kwa kishindo: "Utafiti umethibitisha kuwa miti huponya." Chanzo chake kikuu ni makala ya Roger Ulrich ya mwaka 1984. Alipitia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, akalinganisha wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo: nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu nyingine ukuta wa matofali. Wa upande wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa chache kali za maumivu. Ni kazi nzuri, na iliwafungulia wengine njia. Basi isemwe hivi: "Utafiti mmoja wa wagonjwa 46 uliona kwamba waliotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo." Ni maneno machache tu ya kuongeza, na mwenye kutaka kukagua anajua pa kuanzia.