Je, wajua kwa nini mazabodi ya prosesa mbili hupoteza nusu ya ramu ukiiwekea prosesa moja?

Mtu ananunua mazabodi ya seva iliyotumika, imekuja na mzigo wa Dubai, ina soketi mbili za prosesa na sloti 16 za ramu. Anataka kuiweka nyumbani, aendeshe mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za kuigizwa na programu, ndani ya kompyuta moja. Pesa haijatosha, basi anaanza na prosesa moja, ila ramu anajaza sloti zote. Anawasha, bodi inaona nusu tu. Anazitoa, anazipangusa, anazirudisha. Nusu ile ile. Hapo huanza ugomvi na muuzaji, na mara nyingi muuzaji hana kosa, maana hakuna kilichoharibika.

Sababu iko kwenye njia za umeme ndani ya bodi. Zamani ramu yote ilisimamiwa na chipu moja iliyokaa kwenye bodi, na prosesa zote zilipita hapo kuomba data. Mwaka 2003 AMD ilipotoa Opteron, kazi hiyo ya kusimamia ramu ilihamia ndani ya prosesa yenyewe. Intel ilifuata mwishoni mwa 2008, na seva zake za soketi mbili zikapata mpango huo mwaka 2009. Tangu hapo kila sloti ya ramu ina prosesa yake. Vijia vya shaba vinatoka kwenye sloti na kuingia moja kwa moja kwenye soketi fulani. Soketi ikiwa tupu, hakuna wa kuvipokea.

Chukua Xeon E5-2600, familia ya prosesa za seva za Intel iliyojaa kwenye soko la seva zilizotumika. Kila prosesa ina chaneli nne za ramu, yaani njia nne tofauti za kuifikia ramu, na njia 40 za PCIe, zile za kadi za kuchomeka. Kwenye bodi ya sloti 16, nane ni za soketi ya kwanza na nane ni za ya pili. Sloti za kadi nazo zimegawanywa vivyo hivyo, kwa hiyo kadi ya mtandao ukiichomeka upande usio na prosesa haitaonekana kabisa. Kabla ya kulipa, pakua kitabu cha bodi hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, ufungue ukurasa wenye mchoro wa visanduku na mistari. Utaona visanduku viwili vya prosesa, na kila sloti, kila tundu la mtandao na la diski, mstari wake unaelekea wapi. Mimi huusoma ukurasa huo kabla hata ya kuuliza bei.

Prosesa ya pili ikishaingia, sloti zote zinaamka, na mashine inaonekana kama kompyuta moja kubwa. Kwa ndani bado ni mbili. Ni kama maduka mawili ya ndugu pale Darajani, kila moja na stoo yake: mteja akitaka kitu kilichomo stoo ya ndugu wa pili atakipata, lakini lazima mtoto atumwe, na mteja asubiri. Njia anayopita huyo mtoto, kwenye Xeon hizi, inaitwa QPI, na mpango mzima wa ramu ya karibu na ramu ya mbali unaitwa NUMA. Kwa prosesa za kizazi hiki, kusoma ramu ya upande wa pili huchukua kama mara moja na nusu ya muda wa kusoma ramu ya upande wako.

Hili ndilo la kuzingatia mwenye mashine pepe. Tuseme una prosesa mbili za viini 14 (kiini ni kitengo kimoja cha kufanyia kazi ndani ya prosesa) na ramu ya GB 64 kila upande. Mashine pepe ya viini vinane na GB 32 inaingia upande mmoja bila shida. Ile ya viini 20 lazima ipandie pande zote mbili, na kila mara itakuwa inavuka kwenda kuchukua data. Kwenye Linux, amri ya numactl --hardware inakuonesha pande hizo na jedwali dogo la umbali: 10 kwa ramu ya karibu, na kwa kawaida 20 au 21 kwa ya mbali. Namba hizo zimeandikwa na bayosi, programu ya bodi inayoamka kwanza ukiwasha, hazijapimwa, basi usidhani ramu ya mbali ni ya polepole mara mbili. Kwenye Proxmox, programu ya kuendeshea mashine pepe, kuna kisanduku cha NUMA katika mipangilio ya prosesa ya kila mashine pepe; kiwashe kwa zile kubwa. Na ramu igawe sawa: vipande vinane viwe vinne kwa vinne, kila kimoja kwenye chaneli yake.

Kwa hiyo prosesa mbili haziifanyi mashine pepe moja iende mbio maradufu. Zinakupa ramu nyingi na nafasi nyingi za kadi. Kijana wa Jang'ombe au Chake Chake anayejifunza, mwenye mashine pepe tano au sita ndogo, ninamshauri anunue bodi ya prosesa moja na pesa inayobaki aiweke kwenye ramu.

Umeme nao unaniunga mkono. Mashine ya prosesa mbili za namna hii inaweza kula wati 100 hata ikiwa imekaa tu. Kwa saa 24 ni yuniti 2.4, kwa siku 30 ni yuniti 72, kabla hujaifanyisha kazi yoyote ya maana. Tena umeme wetu wa Zanzibar unapita chini ya bahari: Unguja tunaupata kwa nyaya zinazoingilia Fumba, Pemba wanaupata kutoka Tanga tangu 2010. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua waya ule ukiharibika inakuwaje. UPS inayoweza kuiambia seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukiamua kununua hivyo hivyo, prosesa ziwe mbili za modeli moja. E5-1600 hazifanyi kazi kwa jozi. Familia ni E5-2600. Toleo la v3 na v4 hukaa aina moja ya soketi na hutumia ramu ya DDR4, lakini v4 haitawaka kwenye bodi yenye bayosi ya zamani, kwa hiyo uliza toleo la bayosi. Matoleo mawili ya mwanzo ni ya soketi nyengine. Kesi nayo ipime: bodi nyingi za aina hii zina milimita 305 kwa 330, hazingii kwenye kesi ya kawaida, na paua saplai iwe na plagi mbili za pini nane kwa ajili ya prosesa.

Mwisho, nenda dukani na tochi. Kwenye soketi hizi pini ziko kwenye bodi, zaidi ya elfu mbili kila soketi, na ile ya pili, ikiwa tupu, huweza kusafirishwa bila kifuniko. Pini moja iliyolala yatosha kuua chaneli nzima ya ramu, na chumvi ya hewa ya pwani huziotesha kutu ya kijani. Mulika kwa ubavu, safu baada ya safu. Pini nzima zinang'aa sawasawa, iliyopinda hujitenga mara moja. Muuzaji akikataa kuifungua soketi ya pili uitazame, muachie bodi yake.