Homa ya mtoto isiyoeleweka: tuulizie na mkojo

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliniletea binti yake wa miezi minane akiwa na homa ya siku sita. Alikuwa ametibiwa palu (malaria), homa ikarudi. Jirani akasema ni meno yanaota. Mama akanunua dawa ya maji ya antibiotiki kwenye farmasi ya mtaani. Mtoto akapoa siku mbili, kisha homa ikapanda tena na kutapika juu yake. Nilifungua daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkojo ulipimwa, wakati maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta homa.

Mama yule simlaumu. Lawama ni yetu sisi waganga wa vituo vya afya, maana hapa Bukavu tumezoea kwamba homa ni palu. Ni kweli palu ipo na lazima ipimwe. Ila kipimo cha palu kikitoka na ndiyo, hakimaanishi kwamba mkojo ni mzima. Mtoto anaweza kuwa na palu na maambukizi ya mkojo kwa pamoja.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hawezi kukuambia kwamba mkojo unamuunguza. Mara nyingi dalili ni homa tu, nyuzi 38 au zaidi, bila mafua, bila kikohozi, bila kitu cha kuielezea. Mwingine anakataa ziwa, anatapika, analegea, au haongezeki uzito. Kwa mtoto mchanga, macho yanaweza kubaki ya manjano muda mrefu kuliko kawaida. Mkubwa kidogo atalia akikojoa, atakwenda chooni kila mara, atashika tumbo chini ya kitovu, au ataanza tena kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha. Akina mama wengi huniambia kuhusu harufu. Nawasikiliza, lakini harufu peke yake haitoshi: mtoto aliyekunywa kidogo, mkojo wake pia hunuka.

Kijidudu kinachosababisha maambukizi haya zaidi ni E. coli, kinachoishi tumboni mwetu na kupanda kutoka njia ya haja kubwa. Njia ya mkojo ya wasichana ni fupi, kwa hiyo wao hupata zaidi. Lakini katika miezi ya kwanza wavulana huongoza, hasa wasiotahiriwa. Mvulana ambaye mkojo wake unadondoka tu bila nguvu, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Choo kigumu nacho huzuia kibofu kumwaga mkojo wote.

Sasa, kuupata huo mkojo ndiyo kazi yenyewe. Usikamue nepi. Kifuko cha kubandika hukusanya na vijidudu vya ngozi: kikionyesha mkojo safi, tunakiamini, kikionyesha uchafu, lazima turudie kwa njia nyingine. Mimi hupenda hivi: mnyonyeshe mtoto, ngoja kama dakika ishirini, msafishe kwa maji na sabuni, msuuze, mkaushe. Mtu mmoja amshike chini ya makwapa, miguu ikining'inia. Mwingine amgongegonge polepole kwa ncha za vidole juu kidogo ya mfupa wa kinena, nusu dakika, kisha amsugue kiuno kwa mgongoni, nusu dakika, akibadilishana hivyo hadi dakika tano. Wengi hukojoa. Acha matone ya kwanza yapite, kinga yanayofuata kwenye kikopo cha labo bila kugusa ngozi. Ufike labo ndani ya saa moja. Umeme wetu ukikatika friji haisaidii, kwa hiyo ni bora kuuchukulia hapo hapo kituoni.

Bandeleti, kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, hutafuta chembe nyeupe za damu na nitriti, kemikali inayotengenezwa na vijidudu. Nitriti huhitaji mkojo ukae kibofuni kama saa nne, na mtoto mchanga hukojoa kila wakati. Ndiyo maana bandeleti isiyoonyesha nitriti haimalizi mashaka. Kuotesha vijidudu labo ili vitambulike huchukua siku moja hadi tatu, na mkojo huo uchukuliwe kabla ya antibiotiki. Dozi chache tu zinaweza kuficha kijidudu kikoponi huku figo bado linaugua, na figo likiugua mara kwa mara linaweza kubaki na kovu.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa asingoje haya yote nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Binti wa Kadutu tulimpata na E. coli. Mama yake alimpa dawa siku zote kumi, hata baada ya homa kuisha siku ya pili.